Kompyuta Ilipoupanga Ukoo Upya

Jumapili iliyopita binti yangu alikuwa amejilaza kwenye kochi, simu mkono mmoja, brashi ya rangi ya kucha mkono wa pili, anasoma kitabu kizima kwenye kioo kidogo na huku anajipaka kucha za miguu. Mimi nilikuwa jikoni nakaanga vitunguu. Ile harufu ya rangi ikavipita vitunguu vyangu ikanifikia, kali, tamu, ya kupanda puani mpaka machoni, nikazima jiko nikasimama tu. Wewe wa rika langu, kama mama yako alipiga taipu, harufu hiyo unaijua. Ni ile dawa nyekundu ya kufuta makosa kwenye stensili. Kwangu mimi, kwa miaka mingi, hiyo ndiyo ilikuwa harufu ya vitabu.

Mama alipiga taipu Homa Bay, kwenye chumba cha mbele cha jengo lililotazama barabara ya kushuka kwa wauza samaki. Kila kilichoandikwa mji ule kilipita kwa vidole vyake: barua za kuomba kazi, mitihani ya shule, katiba za vikundi vya akina mama, programu za mazishi. Stensili ilikuwa karatasi ya nta. Herufi ziliikata, halafu ikafungwa kwenye mashine ya kuzungusha kwa mkono, wino ukapenya kwenye matundu ya herufi na nakala zikatoka zimelowa. Ukikosea unapaka dawa nyekundu, unapuliza, unangoja, unapiga tena. Kazi yangu baada ya shule ilikuwa kupuliza. Nilikuwa na pumzi nzuri, na mama alisema hivyo mbele za wateja.

Mama alikuwa Mkuria wa kule karibu na mpaka. Baba alikuwa Mjaluo, akifanya kazi Kendu Bay na kurudi wikendi. Nyumbani tuliongea Kiswahili kwa sababu kati ya wawili hao hakuna aliyekubali kushindwa. Tulipanga chumba kimoja, baba mmoja, mama mmoja, mtoto mmoja. Nakwambia haya mapema ili usinihukumu vibaya huko mbele: kuhusu boma lenye wake watatu nilikuwa sijui lolote, lolote kabisa.

Nilipokuwa darasa la tano, mwenye ofisi akaleta kompyuta kutoka Kisumu. Iliwekwa kwenye meza ya pembeni, ikafunikwa kitambaa cheupe cha kufuma maua, na wateja wakaambiwa wavue viatu mlangoni. Wazee wenye heshima zao waliingia na soksi zilizotoboka ili waione. Mama alichukua wiki tatu kuijua. Mimi nilichukua wiki moja, nikiwa nimesimama nyuma ya kiti chake tu, na sioni kwa nini nifiche. Watu wazima waliogopa kwamba kila kitufe kinaweza kuilipua. Mimi niliona kitu kimoja: ukikosea, kosa linaondoka, na hakuna mtu wa kupuliza. Kazi yangu ilikuwa imekwisha na nikafurahi.

Hapo ndipo alipokuja Mwalimu Okelo. Alikuwa mwalimu mstaafu, mrefu, mwenye koti la suti hata jua likiwaka. Kwao ni karibu na Masara, kule wanakochimba dhahabu, lakini siku hizo alikuwa anakaa kwa binti yake pale mjini kwa sababu ya kliniki ya macho. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunga jicho moja na la pili alikuwa analimalizia. Alibeba mkoba wenye madaftari saba. Ndani yake mlikuwa na habari za ukoo wake: walikotoka, walivyovuka mito, nani aligombana na nani akahama. Alitaka kitabu. Hakutaka rundo la karatasi za stensili zinazochafua vidole, alitaka kitabu chenye herufi safi, ili watu wa boma lake wakirudi nyumbani Desemba kutoka Nairobi na Mombasa kila nyumba ipewe nakala yake.

"Mama Akinyi," alimwambia mama, "nimesikia kwamba hii mashine yako haisahau."

"Haisahau, Mwalimu. Ukiiambia iweke, inaweka."

"Basi haya madaftari ni yako. Lakini majina nitakutajia kwa mdomo."

Sura ya mwisho ya kitabu ilikuwa majina ya watu wote wa boma la baba yake, na hayo hakuyaandika popote. Alikuwa na sheria yake: jina la mtu likishaandikwa kwa kalamu haliwezi kukatwa, maana kumkata mtu jina ukiwa na wino mkononi ni kumtakia mabaya. Kwa hiyo aliyabeba kichwani. Kwa siku tatu, mchana, alikaa bila viatu kando ya kompyuta, amefumba macho yote mawili, akataja mtu mmoja mmoja, na mama akapiga. Mkuria anaandika ukoo wa Wajaluo! Watu walipita dirishani wakicheka. Mwalimu alisema tu kwamba mtu asiye na upande hawezi kuongeza shangazi yake kwenye orodha.

Siku ya tatu alimaliza, akashusha pumzi, akatafuta viatu vyake kwa mguu. Majina yalikuwa zaidi ya mia moja. Hatukuyachapisha siku hiyo kwa sababu utepe wa printa ulikuwa umekauka na mpya ulingojwa kutoka Kisumu.

Sasa sikiliza nilichofanya. Kesho yake mama alitoka kwenda benki, akaniacha nilinde ofisi. Nikafungua ile sura ya majina niisome. Yawa, ilinishangaza! Mwalimu mzima wa shule, na majina yake yamelala shaghalabaghala: Owuor, halafu Atieno, halafu Otieno, halafu Nyumba ya Pili, halafu Ochieng' tena. Nilimwonea huruma. Nikajiambia, ni macho, mzee wa watu haoni, ametaja kila aliyemjia kichwani. Nilijua majina ya watu waliosoma yanavyokaa: orodha ya darasa, matokeo ya mtihani, kitabu cha simu. Na nilijua kompyuta ilikuwa na amri ya kuyapanga kwa alfabeti, kwani mama aliitumia kwa orodha za shule. Nikaitoa amri hiyo. Majina yalitetemeka mara moja kwenye kioo, yakakaa. Nikaona ni safi. Nikahifadhi kwenye kompyuta juu ya orodha ya zamani, nikahifadhi kwenye disketi ya kwanza na disketi ya pili, kwa sababu nilifundishwa kwamba kazi nzuri huhifadhiwa mara tatu. Sikumwambia mama. Nilitaka aone mwenyewe na kushangaa.

Alishangaa, ndiyo. Utepe ulifika baada ya wiki mbili. Lakini katikati hapo Mwalimu Okelo alianguka asubuhi moja akiwa anakunywa chai, akapelekwa hospitali, na nusu ya mwili wake ikakataa kuamka. Upande wa kulia ulilala wote pamoja na ulimi. Alisikia, alielewa, lakini neno halikutoka. Kwa hiyo siku printa ilipoanza kulia na karatasi ikaanza kupanda, mama alikuwa na haraka ya kumpelekea aishike mkononi.

Alisoma ukurasa wa kwanza amesimama. Achieng', Achieng', Achieng', Adhiambo, Adhiambo, Akinyi, Akoth.

"Wanaume wameenda wapi?" akauliza.

Unajua majina ya Wajaluo. Ya wanawake, karibu yote yanaanza na A. Ya wanaume, karibu yote na O. Nilikuwa nimewatanguliza wake na mabinti wote wa boma, kurasa mbili nzima, kabla ya mwanamume wa kwanza. Katikati, kwenye herufi N, vile vichwa vya "Nyumba ya Kwanza", "Nyumba ya Pili" na "Nyumba ya Tatu" vilikuwa vimekaa peke yao bila mtu ndani. Akina Otieno sita walifuatana na hakuna aliyejua yupi ni baba wa yupi.

Nikasema kwa furaha, "Ni mimi niliyapanga!"

Mama hakunipiga. Alizima printa, akakaa, akanieleza polepole kama anayemweleza mgeni. Boma la Mjaluo lina mikayi, yaani mke wa kwanza, na nyumba yake hutangulia. Halafu ya pili, halafu ya tatu. Watoto hufuata nyumba za mama zao, na wajukuu hufuata wazazi wao. Nani anajenga upande gani, nani anaanza kupanda mbegu, nani anazikwa wapi, yote yanafuata mpangilio huo. Mwalimu hakuwa ametaja watu ovyo. Alikuwa ametembea boma lote mlango kwa mlango, macho yakiwa yamefumbwa.

"Umevunja ndoa tatu kwa kidole kimoja, Akinyi," akasema. "Na mwenye kujua kuzirudisha hana ulimi."

Nililia siku hiyo, nisikudanganye. Nililia kwa sababu niliona uso wa mama. Alikuwa ameishi mji ule miaka yote hiyo akiitwa mgeni, na kilichomfanya awe mtu ni kwamba ukimpa maneno yako anakurudishia kama yalivyo. Desemba ilikuwa karibu. Wanaume wa boma lile wangefungua kitabu na kusema Mkuria amewachezea.

Kesho yake tulikwenda hospitali. Mwalimu alikuwa amelazwa karibu na dirisha, koti lake likiwa limetundikwa ukutani. Kwenye kiti kando yake alikaa bibi mmoja mdogo wa mwili, miguu haifiki sakafuni, aliyekuja kutoka Masara kumuuguza. Tulimwita Dani, yaani bibi, kama kila mtu alivyomwita. Alikuwa mke wa tatu wa marehemu baba yake Mwalimu, mama yake wa kambo, na katika wake wote wa boma lile ndiye pekee aliyebaki hai.

Mama alisimama miguuni pa kitanda. "Mwalimu, nimeyaharibu majina yako. Nisamehe."

Sikujua miguu yangu iliniletaje mbele. "Si mama," nikasema. "Ni mimi. Niliona hayajapangwa."

Mwalimu alinitazama kwa jicho lake zuri. Mdomo ukasogea upande mmoja, sauti haikuja. Dani akauliza kuna nini. Mama akamweleza: mashine imewaweka wanawake wote mbele, wanaume nyuma, na nyumba zote ziko katikati tupu.

Dani akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika chuma cha kitanda, mpaka muuguzi akageuka. "Wanawake mbele! Were yangu, Mungu wangu, kuna mashine kama hiyo na mimi nazeeka bila kuiona?" Akajifuta macho kwa leso. "Mimi nimekaa nyuma kwa hiyo boma tangu nilipoolewa. Siku moja mbele si mbaya. Lakini mikayi akisikia, atatoka huko aliko aje anitafute." Akateremka kwenye kiti. "Nyar Kuria, nipeleke kwa hiyo kitu."

Nyar Kuria, binti wa Wakuria, ndivyo alivyomwita mama tangu siku hiyo.

Dani hakuwa na viatu vya kuvua. Alikaa pale alipokaa Mwalimu, akaigusa kompyuta ubavuni kuona kama ina joto. Mama akaniambia nikae kwenye kiti chake. "Wewe ulivuruga, wewe utapanga. Mimi nitasimama nyuma."

Nikafungua nafasi tupu juu ya ile orodha. Dani akaanza na mikayi. Hakufumba macho. Alitaja watu pamoja na mambo yao: Owuor, aliyezaliwa siku tulipopoteza ng'ombe, mke wake Atieno, mwenye mdomo, watoto wao. Dani ndiye aliyekuwa amewasha moto na kuchemsha uji kila mtoto alipozaliwa katika nyumba zile, akiwa mke mdogo ambaye hutumwa. Alitaja, mimi nikalitafuta jina kwenye fujo yangu, nikalikata, nikalibandika mahali pake. Akikumbuka kwamba amemruka mtu, nilirudi, nikafungua nafasi, nikamwingiza kati ya ndugu zake, na wote wa chini wakasogea bila kulalamika. Mama alitoa mguno nyuma yangu. Kwa stensili, aliyesahaulika angebandikwa ukurasa wa mwisho kwa aibu, au aachwe kabisa. Mimi nilikuwa namrudisha kwa mama yake.

Fujo ikaanza kupungua. Kurasa nne zikawa tatu, zikawa moja. Siku ya pili, jioni ikikaribia, tukafika nyumba ya tatu, nyumba yake mwenyewe. Alisema haraka tu: Owiti na watoto wake, halafu Anyango aliyeolewa Kendu Bay. Nikambandika Owiti, nikambandika Anyango. Chini yao kioo kikabaki kitupu. Hapakuwa na jina hata moja lililosalia, na nyumba zote zimejaa. Niliruka kwenye kiti.

"Tumemaliza, Dani! Wote wamekwisha!"

"Bado," akasema.

"Wamekwisha, angalia."

"Nyathina, mwanangu, huyu Owiti unadhani tuliokota jina lake barabarani?"

Hilo hata mimi nililijua, maana shuleni tulikuwa na Owiti wawili. Ni jina la mtoto anayezaliwa baada ya wenzake kufa. Wazazi humpa ili kifo kimwone ni kitu kilichotupwa, kimpite. Hakuna Owiti anayekuwa wa kwanza. Mwalimu alimweka wa kwanza, labda kwa heshima, labda kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa mtoto wakati huo na wale hakuwajua.

"Mwalimu hakuwataja, Dani," mama akasema kwa sauti ndogo. "Kitabu ni chake. Mimi siwezi kuongeza."

Dani akanigeukia mimi. "Hii kitu inachoka?"

"Haichoki."

"Kuna nafasi?"

"Ipo. Popote unapotaka."

"Basi hapo juu ya Owiti. Akoth. Alikaa mpaka akaota jino. Halafu Odhiambo. Huyo alitembea kabisa, alivunja chungu yangu akakimbia. Halafu Ochieng', wa siku moja."

Nilimtazama mama. Mama alikuwa ameangalia pembeni, mkono mdomoni. Nikapeleka kile kijistari kinachometa juu ya jina la Owiti, nikabonyeza mara tatu. Owiti akashuka. Anyango akashuka. Nafasi tatu zikafunguka pale pale mahali pake, na nikaandika.

Tangu hapo nimetengeneza vitabu vingi, ndiyo kazi inayonilisha. Nasikia watu wa rika langu wakilalamika kwamba mashine zimeua vitabu, kwamba maandishi siku hizi hayana uzito, leo yapo kesho yamebadilishwa. Wana haki ya kulalamika. Mimi nilivuruga ukoo mzima kwa kidole nikiwa darasa la tano, hatari yake naijua kuliko wao. Lakini mimi pia niliona ukurasa ukifunguka katikati ili kupokea watu, na hakuna atakayenitisha. Kitabu cha Mwalimu kilitoka Desemba ile, kimefungwa kwa gundi na uzi, na wanaume wa boma walikifungua wakakuta mikayi yuko mbele. Siku hizi wajukuu wanatumiana kwenye simu.

Ila kabla ya Desemba ilitubidi tupite pale hospitali. Mama alikaa kando ya kitanda na karatasi mpya, akamsomea Mwalimu. Nyumba ya kwanza, akaitikia kwa kichwa. Ya pili, akaitikia. Ya tatu, mama alisoma Akoth, Odhiambo, Ochieng', na Mwalimu akainua mkono wake mzima juu. Mama akaacha kusoma.

"Nimewaweka mimi," Dani akasema kutoka kwenye kiti chake. "Kama haitaki kukaa kwa kitabu chako, toa."

Mwalimu alinyoosha kidole, akakipeleka hewani mahali karatasi ilipokuwa, akakirudisha juu. Mama hakuelewa. Mwalimu akakirudisha tena. Alikuwa anataka asomewe upya. Mama akasoma yale majina matatu mara ya pili, na mara ya tatu, na kila mara kidole kilirudi juu, mpaka jicho lake zuri likafurika na akalaza mkono wake juu ya goti la Dani. Ukabaki hapo.

Tulipoinuka kuondoka, Dani alinivuta gauni. "Nionyeshe walipo."

Nikamwonyesha. Hakujua kusoma. Aliweka vidole vitatu juu ya mistari mitatu, akavisukuma kidogo kuona kama wino unatoka. Haukutoka. Akautenga ukurasa ule na kurasa nyingine, akaanza kuukunja.

"Dani, hiyo ni ya kusahihisha tu," mama akasema. "Kitabu chenyewe kinakuja, kizuri, chenye jalada."

"Kitabu ni chao," Dani akasema, akautia ukurasa kifuani ndani ya gauni, akapapasa juu yake mara mbili. "Hii ni yangu."